Nilivyojilainisha Mpaka Nikapotea

Dada yangu Wahida alipoiona ile picha aliuliza, "Huyu nani?"

"Mimi."

"Wewe wa lini?"

"Wa jana. Nimejipiga mwenyewe, hapa hapa studio."

Akaisogeza simu mbali, akaileta karibu, akainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kasoro kwenye kitambaa. "Kaka Ausi, huyu ni mtoto wa watu. Mimi nimetumwa nikakuposee wewe."

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikamwambia atume.

Nieleze mambo yalivyokuwa. Mimi ni mpiga picha, Bagamoyo. Shule niliiacha darasa la tano, na sikuiacha kwa shida yoyote ya kuliza watu; niliiacha kwa sababu hesabu zilinishinda na mwalimu naye nilimshinda. Nikaingia kwenye studio ya Mzee Sufiani, Mungu amrehemu, na sijatoka humo mpaka leo. Mjini wananiita Flashi. Wakubwa wananiita Flashi, watoto wananiita Mzee Flashi, na muadhini akinitangaza kwenye mchango wa msikiti ananitaja hivyo hivyo. Jina la Ausi tunalijua mimi, Wahida, na kitambulisho changu.

Mzee Sufiani alinifundisha kazi mbili: kulainisha na kunoa. Alikuwa na kipande cha kioo anachokiweka mbele ya lenzi. Mteja akiwa mama wa makamo, mzee alichovya kidole kwenye kopo la mafuta ya mgando, akapaka pembeni pembeni ya kioo na kuacha katikati pakavu. Macho yakatoka wazi, mashavu yakaingia kwenye ukungu, na yule mama akaondoka na picha ya mdogo wake. Mteja akiwa bibi harusi, aliivisha lenzi soksi nyembamba ya kike, nyeusi, yenye tundu la sigara katikati. Ile soksi ilitoka kwa nani, hakuna aliyethubutu kumuuliza, na mke wake ndiye aliyethubutu kidogo kuliko wote.

Wanaume alikuwa hawalainishi. "Mwanamume mnoe," alisema. "Mwanamume akiwa laini kwenye picha, watu wanadhani imeungua."

Siku hizi kila kitu kiko ndani ya kompyuta. Unavuta kipimo kimoja kwenda kulia, ngozi inalainika. Unavuta kingine, nywele na nyuzi za nguo zinasimama moja moja. Mafuta ya Mzee Sufiani yalikuwa na faida moja kubwa: kopo lilikuwa linaisha. Kipimo cha kompyuta hakiishi, na mimi sijui kuacha. Nimewahi kunoa picha za harusi mpaka pilau ikaonekana kokoto. Nimewahi kumlainisha mtoto wa arobaini, kichanga ambacho hakina hata mkunjo, mpaka mama yake akaniuliza pua imekwenda wapi.

Na mdomo wangu huu haujui kulainisha kitu chochote. Mke wangu wa kwanza aliondoka kwa sababu hiyo. Aliniuliza kama gauni limempendeza, nikamjibu. Hatukugombana, alikunja gauni na vitu vingine, akarudi kwao.

Nikakaa peke yangu miaka mingi, nikipika wali unaoshika chini, mpaka nilipoitwa kupiga picha za harusi Pangani. Hapo ndipo nilipomwona Mardhiya.

Mardhiya anakodisha vyombo vya shughuli: masufuria, sahani, majagi, birika za kunawia. Ni mjane, mtu mzima, mpana wa mabega, na akitembea kati ya masufuria yake wapishi wanasimama wima. Mimi nilitaka kumpata bwana harusi kwa juu, nikapanda kwenye kreti moja.

"Wewe bwana wa picha!" akaita kutoka upande wa pili wa turubai. "Hilo ni kreti la sahani, si mimbari!"

Nikageuka nimwone anayesema. Kugeuka kwenyewe ndiko kulikoniangusha. Nilikwenda chini na kreti, kamera ikiwa juu kama mtu anayezama na mtoto. Sahani zikalia. Ngoma ikanyamaza. Mardhiya akaja, akasimama juu yangu, akatazama vipande, akanitazama mimi. Nikangoja matusi.

"Picha imetoka lakini?" akauliza.

Nikasema imetoka. Ilitoka kweli, ilikuwa picha nzuri ya turubai kwa ndani. Yeye akainama, akaanza kuokota vipande, na mimi pale chini, nikiwa na wali kwenye kola, nikajua kwamba nikiishi na mwanamke wa namna hii sitahitaji kujifunza adabu mpya uzeeni.

Nilimtuma Wahida akapose kwa masharti mawili. La kwanza, asiseme kwamba mimi ni mpiga picha. Aseme nina biashara yangu mjini. Sikutaka Mardhiya akumbuke yule mtu wa kreti. La pili, jina lipelekwe kamili, Ausi bin Mbwana, kwa heshima. Mardhiya akajibu kwa maneno machache: hajui Ausi yeyote, na kabla ya lolote atumiwe picha.

Hapo ndipo nikakaa mbele ya kompyuta na uso wangu.

Jamani, nimetengeneza nyuso za watu maisha yangu yote, lakini uso wangu sikuwahi kuutazama ukiwa mkubwa kiasi kile. Mashavu yalikuwa kama barabara ya Kiwangwa baada ya malori ya mananasi. Nikavuta kipimo kidogo. Nikaona tofauti, nikapata moyo, nikavuta tena. Mifuko ya macho ikaondoka. Mistari ya paji la uso ikaondoka. Nikaendelea mpaka nikafika kwa kijana mmoja ambaye hata mimi nilimwonea wivu.

Lakini kulainisha kulifuta kitu. Nina sugu ya sijda kwenye paji la uso, ile alama ya kusujudu. Ni sugu ya haki, sikuisugua kwenye ukuta, ila ni ndogo, ni sugu ya mtu anayeswali Alfajiri akiamshwa. Na wakwe wa Pangani ni watu wa dini. Nikaona si vizuri waikose. Nikaichagua peke yake, nikainoa. Ikarudi. Nikainoa tena ili ionekane na kwenye simu ndogo. Nilipomaliza nikanoa na kila kitu kingine kisicho ngozi, kanzu, kofia na pazia la nyuma, kwa sababu Mzee Sufiani alisema mwanamume anolewe.

Hiyo ndiyo picha iliyokwenda Pangani.

Kuna jambo nililisahau, na mtu wa pwani halisahau jambo hili isipokuwa amelewa mapenzi. Posa ikiingia, watu wa mwanamke hawakai wakasubiri. Wanatuma mtu mzima akaulize, kimyakimya, bila kuwaambia wa upande wa pili. Anakwenda msikitini kwa huyo mwanamume, anakwenda kwa jirani, anakwenda dukani: Huyu mtu vipi? Anaswali? Ana maneno? Ana mikono myepesi? Majibu ya hao watu ndiyo ndoa yenyewe.

Basi siku ya Jumatatu, baada ya Adhuhuri, nikiwa studio nakata picha za pasipoti, akaingia Abdulswamad. Huyu ni muadhini wetu na ni jirani yangu, anauza kahawa na kashata mlango wa pili. Nyuma yake yuko bibi mmoja mtu mzima mwenye baibui na kikapu cha ukindu, na kutoka kwenye kikapu kunanukia samaki wa kukaanga.

"Shikamoo, bi mkubwa," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo. Karibu ukae."

"Flashi," Abdulswamad akasema, "huyu ni Bi Ashatu, katoka Pangani. Anamtafuta mtu, na sisi msikitini tumeshindwa. Nikamwambia, kama kuna anayezijua sura zote za Bagamoyo ni wewe. Mwonyeshe, bibi."

Bi Ashatu akatoa simu, akaipangusa mafuta kwa kidole chenye mafuta, akanionyesha. Kijana wangu alikuwa ananitazama kutoka kwenye kioo, mwororo kama yai la kuchemsha, na katikati ya paji la uso ana sugu nyeusi ya mtu aliyeanza kusujudu zama za Nabii Nuhu.

"Anaitwa Ausi bin Mbwana," Bi Ashatu akasema. "Anamposa mtoto wa ndugu yangu. Nimeuliza msikitini, hawamjui. Nimeuliza sokoni, hawamjui. Kinyozi kasema kichwa hiki hakijapita mkononi mwake."

"Na mimi nimemwambia ukweli," Abdulswamad akaingilia. "Sugu kama hii haifichiki. Mtu akiwa nayo hii, anakuwa safu ya mbele kabla sijaadhini. Safu ya mbele naijua. Mwenye sugu kubwa kuliko wote ni Mzee Mikidadi, naye ana miaka themanini na ushei, na bado hajafika hapa. Huyu kijana ana uso wa miaka thelathini na sugu ya miaka mia. Sasa hiyo mingine sabini aliiswalia wapi? Tumboni?"

"Tapeli," Bi Ashatu akasema. "Mimi nilisema toka mwanzo. Leo narudi nikamwambie Mardhiya ni tapeli."

Nilitakiwa nifungue mdomo niseme: ni mimi. Maneno mawili. Mimi, niliyemwambia mke wangu kuhusu gauni, nikayakosa maneno mawili. Badala yake nikasema, "Namfahamu huyu."

Wote wakanigeukia.

"Unamfahamu?" Abdulswamad akashangaa. "Wewe?"

"Kidogo. Ni mtu mzuri. Mtulivu. Mkweli sana, pengine kupita kiasi."

"Anaswali?" Bi Ashatu akauliza.

"Anaswali."

"Wapi?" akauliza Abdulswamad, na kwa muadhini swali hilo lilikuwa haki yake.

"Husafiri sana."

"Kwa hiyo baharia," Bi Ashatu akasema, na akakunja uso. "Pangani tuna mabaharia wa kututosha. Ana mke mwingine bandari nyingine?"

"Hana! Hana mke popote. Anaishi peke yake, wali wake unaungua."

"Wali wake wewe umeujuaje?"

Nikarudi kwenye picha zangu za pasipoti. Bi Ashatu akanitazama, kisha akaitazama simu, akakunja macho. "Tatizo hii picha ni ndogo na macho yangu ni mabovu. Wewe ni fundi. Nikuzie kwenye hiyo kompyuta yako. Inoe, nimwone vizuri, maana nataka nimwambie mtoto nilichokiona kwa macho yangu."

Ndugu msomaji, kuna jambo moja wateja hawalielewi. Ukishalainisha uso hauwezi kuunoa ukarudi. Kilichofutwa kimefutwa. Ukinoa, kinachonoleka ni kile ulichokiacha. Mimi nililijua hilo kuliko mtu yeyote Bagamoyo, na bado nikaipokea picha ile kutoka kwenye simu yake, nikaifungua kwenye kompyuta. Ningekataa ningesema nini?

Uso ukajaa kioo kizima.

"Noa," akasema Bi Ashatu, amesimama begani kwangu.

Nikavuta kipimo. Mashavu yakabaki mashavu ya plastiki. Sugu ikawa kama kifungo cha koti.

"Subhanallah," Abdulswamad akasema.

"Noa tena. Bado simwoni."

Nikavuta tena. Mashavu hayakutoa kitu, hayakuwa na kitu cha kutoa. Lakini kuna sehemu moja ya mwili ambayo programu ya kulainisha haiigusi, kwa sababu haiijui kama ni ngozi. Na mimi, kwa ujinga wangu, niliinoa mara ya kwanza pamoja na kofia. Masikio. Nilivyovuta kipimo masikio yakaanza kuja mbele, mkunjo kwa mkunjo, unywele kwa unywele, makubwa, yaliyosimama kama milango ya kabati iliyoachwa wazi. Na kwenye sikio la kushoto, juu, pengo. Nilipokuwa mtoto ndoano ya mshipi wa baba ilinipasua pale.

Mimi nilikuwa nimekaa upande, nikitazama kioo. Yaani sikio langu la kushoto lilikuwa usawa wa pua ya Bi Ashatu.

Abdulswamad ndiye aliyeanza. Hakucheka kwanza. Alikohoa, akashika meza, akakaa kwenye stuli ya wateja, ndipo akacheka mpaka kofia ikadondoka.

"Geuka," Bi Ashatu akaniambia.

Nikageuka.

"Geuka huku tena." Akalishika sikio langu kwa vidole viwili, kama anayeangalia samaki kwenye mashavu, na akatazama la kwenye kompyuta. Akaliachia. "Ewe mwanamume. Huoni haya?"

"Naona, bi mkubwa."

"Umejitolea ushahidi mwenyewe!"

"Na kajisifu!" Abdulswamad akafuta machozi. "Mtulivu! Husafiri sana! Flashi, wewe mara ya mwisho kutoka Bagamoyo ilikuwa lini?"

"Nilikwenda Pangani," nikasema. "Harusini."

Bi Ashatu hakucheka. Alikuwa anatafuta jina kwenye simu. "Nilikuja kuuliza habari za mtu," akasema, "na sasa namwona. Ataulizwa mwenyewe." Akabonyeza simu ya video, akaiweka mbele ya uso wangu. Simu ikaita. Nikasikia moyo wangu unaita pamoja nayo.

Mardhiya akatokea. Nyuma yake masufuria yamepangwa. Alikuwa na kanga kichwani na kikoi cha kufutia mkononi.

"Shangazi, asalamu alaikum. Umempata?"

"Nimempata. Huyu hapa. Mtazame mwenyewe."

Akanitazama. Na mimi nikajiona, kwenye kona ya kioo, mdogo, na sikuamini. Nilikuwa laini. Yale mafuta ya samaki ya Bi Ashatu yalikuwa yamejaa kwenye lenzi ya simu. Mashavu yangu yalikuwa kwenye ukungu, mistari haipo, mifuko ya macho haipo, macho tu ndiyo yako wazi. Mzee Sufiani mwenyewe asingepaka vizuri zaidi. Nikaonekana mtu wa heshima, wa umri wa kati, ambaye labda amelala vizuri.

"Shangazi, mbona huyo mtu yumo ndani ya moshi?" Mardhiya akauliza. "Simwoni."

Bi Ashatu hakujua la kufanya. Alikuwa anaitikisa simu. Abdulswamad hakujua. Ni mimi tu niliyejua, na ningeweza kukaa kimya, nikaongea maneno mawili matatu ndani ya ule ukungu, nikaipata nusu ya moyo wake. Kitambaa changu cha lenzi kilikuwa kwenye meza. Nilikitazama muda mrefu kuliko inavyompasa mtu mzima. Kisha nikakichukua, nikaiomba simu, nikaifuta lenzi kama ninavyofuta za kwangu: kutoka katikati kwenda nje, polepole.

Kwenye kile kioo nikaiona mikunjo inarudi. Kiwangwa yote ikarudi, na malori yake.

Mardhiya akasogea karibu na simu yake. Akainamisha kichwa. "Ngoja," akasema. "Huyu si yule wa kreti?"

"Ndiye," nikasema.

"Aliyeangukia sahani zangu?"

"Ndiye. Na ile picha haikutoka. Ilitoka turubai."

Bi Ashatu akaona ni zamu yake. "Mardhiya mwanangu, huyu kajitengeneza kwa kompyuta. Kajifuta mikunjo, kajitia sugu, na nilipomuuliza habari zake kajisifu mbele yangu kama anamsifu jirani. Mimi nimemaliza kazi yangu. Sasa sema wewe, nimpe jibu lake, nipande basi."

"Sugu nilikuwa nayo," nikasema. "Niliikuza tu."

"Nyamaza wewe," Bi Ashatu akasema.

"Mbona ulijifanya mtoto?" Mardhiya akaniuliza mimi.

"Niliogopa ungenikumbuka."

"Basi ulikuwa umeshindwa kuogopa vizuri. Masikio yale niliyaona toka chini ya turubai. Ile picha ilipofika nilisema, huyu kijana ana masikio ya yule bwana. Nikadhani unamposea mwanao."

Abdulswamad alikuwa ameanza tena. Aliweka kofia mdomoni.

"Shangazi," Mardhiya akasema, na sauti ikawa ile ya kuwasimamisha wapishi. "Yule wa kwenye picha mwambie hapana. Mimi sina kazi na kijana asiye na mkunjo, hajapata shida yoyote, sahani zangu atazibebaje? Na huyu aliyekaa hapo, mwambie kama ana haja aje mwenyewe, asitume dada. Na akija asipande juu ya kitu chochote."

Akakata.

Nikabaki na simu mkononi. Sikujua niirudishe au niibusu, nikairudisha.

"Umekataliwa na kukubaliwa siku moja," Abdulswamad akasema.

"Hajakubali," Bi Ashatu akamkata. "Kasema aje. Kuja si kukubali. Watu wengi wamekuja." Akakusanya kikapu chake, akajifunga baibui vizuri, akafika mlangoni, akasimama. Akakitazama kile kioo cha kompyuta, ambapo kijana wangu alikuwa bado anang'aa, na sugu yake, na masikio yangu. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikaona anajizuia kucheka.

"Hiyo nichapie," akasema.

"Ya nini, bi mkubwa? Keshakataliwa."

"Ndiyo maana naitaka. Nikifika Pangani watu wataniuliza mchumba alikuwaje. Nami nimetoka mbali, siwezi kurudi mikono mitupu."

Nikaichapa, kubwa.